Mwanangu Anasomea Ushindani

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, jua kutwa halikujulikana kama linatoka au linarudi ndani.

Moyo wangu nao uko hivyo hivyo. Nimekaa barazani, simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu. Nyinyi wachache mnaonisoma hapa mnanijua: mama wa Kinondo huku pwani, nashona makuti ya kuezekea, shule niliiacha darasa la sita. Nikikosea herufi nisameheni.

Leo nimemkumbuka Mishi mpaka mwili umeuma.

Mishi ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Yuko chuo kikuu Nairobi, anasomea sheria. Si sheria ya wezi na kesi za mashamba. Yeye anasomea sheria ya uchumi, na ndani yake amechagua kitu kinaitwa ushindani wa soko. Siku aliponitajia mara ya kwanza kwenye simu nilimtaka alirudie neno. Ushindani? Mimi niliyemlea nikimwambia kila siku, Mishi, usishindane na watu! Huku kwetu mtoto akimjibujibu mkubwa wake anaambiwa anashindana. Mwanamke akiona jirani amenunua pazia, naye akakimbilia Ukunda kununua la kulizidi lile, tunasema huyo ana ushindani. Ni neno la aibu. Na huko chuoni wamelifanya somo.

Wifi yangu Riziki alipolisikia, pale bandani tunaposhonea makuti, aliangusha ufito mkononi kwa kucheka.

"Wifi, mtoto umempeleka Nairobi kote huko akasomee ushindani? Si ungemwacha hapa kwetu, tungemfundisha bure, na cheti tungempa!"

Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini niliporudi nyumbani nilimpigia Mishi anieleze vizuri, nipate la kuwajibu.

Alinieleza kwa subira. Mama, alisema, chukulia wenye maduka ya unga. Wakikaa pamoja wakapatana bei kwa siri, wewe mnunuzi utazunguka duka hadi duka bure, kila pahali bei ni ile ile. Hilo ni kosa, na lina sheria yake. Au mmoja awameze wenzake wote mpaka abaki peke yake sokoni. Hapo atauza atakavyo na kununua atakavyo, nani atamwambia kitu?

"Sasa ushindani, mama, ni ule mlango wa pili. Ukidhulumiwa mlango huu, uwe na pa kwenda."

Nikamwambia haya, nimeelewa. Sikuelewa sana. Nilichokisikia ni sauti yake, na kwamba alikuwa na mafua, na nikamuuliza kama blanketi alilonalo linamtosha.

Sasa niseme kilichonikaa moyoni.

Jumapili alinipigia akiwa na furaha, ile furaha yake ya kusema haraka mpaka maneno yanapandana. "Shikamoo mama, nimepata!" Amepata atachimenti, ndiyo huko kukaa ofisini ujifunze kazi kwa vitendo. Na si ofisi yoyote. Ni ofisi hasa inayowafuatilia hao wafanyabiashara wanaopatana bei. Walioomba walikuwa wengi, waliochukuliwa ni wachache. Anatakiwa ajibu kabla ya wiki kwisha. Ila ni likizo nzima, ile ndefu. Na Idd imo humo humo ndani.

Mimi nilikuwa nimeshafua mashuka ya kitanda chake. Nimeshamtengea jogoo. Nimeshamwambia babake, ambaye ni askari wa lango kwenye majumba ya wageni huko Diani, aombe ruhusa siku hiyo tukae sote watatu mkekani tule pilau. Sijui kama mama wengine wako hivi. Mimi nikipima mchele mkono unaongeza fungu lake wenyewe, kisha nakumbuka, narudisha. Tuktuk ikipunguza mwendo hapo njiani, mimi huyo nje, kumbe inakwepa shimo. Nina ujumbe wake wa sauti kwenye simu, wa zamani, ananielekeza namna ya kuweka maandishi hapa. Kuweka nimeshajua. Bado nausikiliza nikikuna nazi.

Kwa hivyo nikamwambia hapana. Hosteli likizoni zinafungwa, atakaa na nani? Atakula nini? Jioni atarudi na gari gani? Akaanza kunieleza, kuna mwenzake wa Msambweni, msichana wa watu wazuri, watapanga chumba pamoja. Akasema, mama nisikilize kidogo tu. Nami nikamkata.

"Usishindane nami, Mishi. Idd utakuwa hapa."

Akasema, "Haya mama. Nitakuja."

Hakupandisha sauti. Hakuguna. Nimemlea vizuri, mno.

Tangu hapo asubuhi ananiandikia shikamoo mama, na jioni lala salama mama. Hakuna jingine katikati. Hakuna habari ya mwalimu anayesinzia, hakuna habari ya chakula cha kantini. Nimepata nilichokitaka, na nakiona hakina ladha.

Leo ndipo likatokea jambo bandani.

Makuti yetu hununuliwa na mtu mmoja. Ana lori lake, hutoka Ukunda akaja kupakia, akapeleka mahotelini Diani wakaezeke. Miaka yote ni yeye. Bei huitaja akiwa bado juu ya lori, hata mguu hajashusha. Akisema imeteremka, imeteremka. Lakini tukifiwa huja, hukaa matangani nasi na kutoa mkono wa pole, na sisi tunamwona mtu wa nyumbani.

Asubuhi hii likaja lori jingine. Akashuka bwana mmoja mgeni, amevaa kofia, akatoa salamu vizuri, tukaitikia. Akauliza kama tuna makuti ya kuuza. Makuti yako hapo mbele yake, marundo kwa marundo! Na sisi wanawake wazima tukatazamana.

Riziki akamjibu, "Haya yana mwenyewe, baba."

"Ameshayalipia?"

"La, kuyalipia hajayalipia."

"Basi yana mwenyewe vipi, mama?"

Kwetu sisi kumwacha mtu uliyemzoea ukamwendea mwingine ni kukosa adabu. Na kuwaweka wawili uso kwa uso juu ya mali moja ni kuwashindanisha watu. Tuliona haya kwelikweli. Mwenzetu mmoja alivua leso yake ya begani akaifunika juu ya rundo lake, kama kwamba bwana yule hajaliona.

Yule bwana akashukuru, akageuka kwenda zake.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, hebu ngoja. Wewe unanunua kwa bei gani?"

Riziki akanifinya paja. "Wifi! Unatutia aibuni!"

"Nimeuliza bei tu, sijamposa."

Akaitaja. Ilikuwa ya juu kuliko ile tuliyoizoea, na si kwa kidogo. Riziki akaliachia paja langu. Hatukumuuzia. Tulimwomba arudi wiki ijayo, tuzungumze kwanza sisi kwa sisi, na yule wa zamani naye tumwambie wenyewe asije akasikia njiani. Akakubali, akaondoka. Tukarudi kushona, lakini hakuna aliyeimba, hakuna aliyesengenya. Kila mtu na hesabu zake kichwani.

Baada ya kitambo Riziki akaninong'oneza, bila kuniangalia, "Kumbe miaka yote hii, wifi." Akavuta uzi. "Hebu niambie tena. Yule mtoto anasomea nini?"

Nikaweka ufito chini.

Masikioni nilimsikia Mishi na mafua yake, ananifafanulia habari ya mlango kama mtu anayemlisha mtoto. Na nikajiona mimi Jumapili ile. Nimekaa juu ya lori langu, nimetaja bei hata sijashuka, naye amesema haya.

Nikaosha mikono, nikaenda nyuma ya banda nikampigia. Hakushika, yuko darasani. Nikarudi nyumbani, nikapika, sikula. Baada ya alasiri akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mama. Kuna nini? Baba mzima?"

"Marahaba mwanangu. Babako mzima. Mishi, ile kazi ya ofisini, nenda."

Nikasikia anajitenga na kelele za wenzake.

"Mishi, unanisikia? Nimesema nenda."

"Mama, nimeshawaandikia. Juzi. Nimewaambia sitaweza."

Nilikaa chini pale pale kizingitini.

"Uliharakia nini, mwanangu?"

"Si ulisema nisishindane nawe?"

Hakuisema kwa hasira. Afadhali angeisema kwa hasira.

Nikamwambia awaandikie tena. Akasema mama, ofisi za watu haziendi hivyo, pengine nafasi wameshampa mwingine. Nikamwambia waambie ukweli, waambie mamako aliogopa. Waambie alifikiri ushindani ni kule kununua pazia. Akacheka huku analia, au akalia huku anacheka, kwa simu sikupambanua. Kisha akaniita mayo, mama kwa Kidigo chetu, kama alivyokuwa akiniita alipokuwa hajaanza hata chuo cha Kurani.

"Mayo, na Idd je?"

"Idd haikimbii. Mwakani ipo, inshallah."

"Utakula na nani? Na baba akikosa ruhusa?"

"Nitakula na shangazi yako Riziki. Anisemeshe mpaka pilau lipoe."

"Hutalia?"

"Nitalia, kwani kulia kwataka ruhusa? Wewe waandikie."

Nilipokata simu ndipo hofu ikaniingia. Kama wamempa mwingine, je? Atakuja, atakaa hapa mbele yangu, atakula pilau, atacheka na Riziki, na mimi kila nikimtazama nitaiona ile nafasi aliyoirudisha kwa ajili yangu. Nilimtaka aje, na sasa namwogopa akija.

Babake nimempigia nikamweleza. Akasikiliza yote, kisha akasema, "Mimi sina neno. Ila angekuja ningefurahi." Maskini, alikuwa ameshaomba ruhusa.

Kabla ya adhana ya magharibi ujumbe wa Mishi ukaingia. Nimewaandikia mama. Wamesema watanijibu kesho. Niombee dua.

Dua!

Tangu aondoke, kila swala dua yangu ni moja, Mola nirudishie mtoto wangu. Nimeizoea hata ulimi hujiendea wenyewe. Leo nimeswali, nikabaki juu ya mswala, mikono nimeiinua, maneno hayaji. Ulimi unataka kwenda kule kule ulikozoea. Nikauzuia. Ukataka tena. Nikauzuia tena, machozi yananidondoka kifuani.

Mwisho nimeyatamka, na kwa sauti, ili hata mimi mwenyewe nijisikie.

Ya Rabi, Idd hii mwanangu asije.