Majivu Haya Si ya Jikoni

Maisaka, Babati

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Presha ya Mama inaendeleaje, na mgongo wako? Mimi kwa neema ya Mungu nasimama, ila moyo ni mzito. Sikupiga simu maana huko mnaweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na haya Mama asiyasikie.

Uliniomba gunia la majivu ya kazini utie kwenye maharage yasitobolewe na wadudu. Dada, siyatumi.

Malori huyaleta kutoka matanuru ya kuyeyusha vyuma chakavu. Sisi tunayaanika, tunayachekecha, tunayachanganya na chokaa, yanakwenda kiwanda cha saruji. Msimamizi anasema yakishaganda ndani ya saruji hayamdhuru mtu. Lakini kwa macho ni ya jikoni kabisa, laini, na watu wa huku huhifadhi maharage kwa majivu kama sisi.

Mama Elia wa Nangara, tunayeshika naye chekeche moja, alikuwa akiyabeba kidogo kidogo kwenye ndoo yake ya chakula. Nikamtania, "Mama Elia, unaiba hadi majivu!" Akacheka: "Acha wivu. Wadudu wangu mwaka huu watafunga Kwaresima."

Nyumbani kwake wakayala yale maharage. Kitinda mimba wake, Rehema, akaanza kushika tumbo, akaacha kucheza, mwisho degedege. Hospitali walipima damu wakakuta sumu ya madini ya risasi. Daktari alipouliza mnakula nini, Mama Elia akakaa chini sakafuni.

Rehema tumemzika. Elia bado yuko kwenye dawa.

Baada ya matanga bwana afya akaja, akaamuru maharage yote yafukiwe. Mavuno ya mwaka mzima, dada, yanamwagwa shimoni. Mama Elia analia, "Niachieni debe moja tu la mbegu, jamani, nitayaosha."

Kwa hiyo maharage yenu yakitobolewa, yachambueni, mle yanayobaki. Mdudu anakula fungu lake, lako anakuachia.

Mimi bado naenda. Kazi nyingine sina. Nguo navulia nje, naoga kabla ya kushika sufuria. Mama Elia naye amerudi. Jana jioni alikung'uta khanga, viatu, nywele, hadi msimamizi akamwambia, "Inatosha, mama." Akaendelea kukung'uta.

Mama mwambie nimemsalimu, mimi ni mzima. Nisalimie shemeji, na mjomba katekista amtaje Rehema kwenye misa.

Mungu awafunike.

Mdogo wako,
Veronika