Mkwe Aliyeondoka na Mtumbwi

KITUO CHA POLISI BARIADI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwandu Sayi, maarufu Kapteni
Umri: Miaka 43
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Elimu: Kidato cha pili (niliacha mwenyewe, sikufukuzwa)
Kazi: Kutembeza wageni. Wageni wakikosekana, bodaboda
Makazi: Somanda, Bariadi
Tarehe: 14 Julai 2025, saa 5 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikukamatwa. Afande Koplo Monika ameniambia niseme ninayoyajua tu, nisiongeze chumvi. Nimemjibu kwamba sina haja ya chumvi, maisha yangu yameshakolea. Nimefika Zanzibar, nimefika Bujumbura, Nairobi nimefika mara mbili. Kiingereza nakisikia chote, kukijibu ndiko kunategemea siku. Afande amesema hayo hayahusiani na mtumbwi. Nimemwomba ayaandike hivyo hivyo, ili hakimu akija kusoma ajue anaongea na mtu wa namna gani.

Ndalahwa aliyeko mahabusu ni rafiki yangu na ni fundi wa kuchomelea hapa mjini. Anatuhumiwa kuiba mtumbwi wa bwana Mayige, mvuvi wa upande wa Lamadi. Mimi nilikuwepo. Ninasema hakuiba. Kuuchukua aliuchukua, hilo silikatai, na nitaeleza sababu.

Mnamo mwezi wa sita, watu walipoanza kushika hela ya pamba na mageti yakaanza kuagizwa, Ndalahwa alinifuata kijiweni. Akaniambia, "Kapteni, tangu nimuoe mama Kija sijampeleka popote zaidi ya kliniki. Amechoka kuniona kupitia kioo cha kuchomelea. Nitafutie mahali pa kimya."

Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Nikamweleza staili ya wazungu, wanaita bakipaki: kila kitu mgongoni, hema, sufuria, blanketi, unatembea mpaka unakoenda na ukifika unalala chini kwa kupenda mwenyewe. Nikamwambia kuna kisiwa kidogo ziwani kinaitwa Izunya, hakina duka, hakina baa, hakina jirani. Maneno yangu ya biashara huwa ni haya: "Huko hakuna anayekujua." Ndalahwa akasema hapo hapo ndipo anapopataka.

Mnamo tarehe 11 Julai, siku ya Ijumaa asubuhi, niliwafuata nyumbani kwao. Mtoto wao Kija alikuwa ameachwa kwa bibi yake, mama mzazi wa Ndalahwa. Yule bibi alipowaona na mabegi mgongoni, sufuria inaning'inia, akakaa chini kabisa. Akasema, "Nyumba mmeezeka bati juzi tu. Mmemkosea nani mpaka mnahama?" Majirani nao walitoka. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama ni benki imewafukuza. Nikasema ni utalii. Akasema pole yao.

Tulipanda basi hadi Lamadi, tukatembea hadi mwaloni, wanakoegesha mitumbwi, na Mayige akatuvusha kwa mtumbwi wake wa makasia. Kisiwa kilikuwa kama nilivyosema. Mawe makubwa, nyasi, ndege weupe, na kibanda kimoja cha wavuvi ambacho nakitumia mimi na Mayige. Mama Kija alivua viatu akasimama kwenye maji muda mrefu bila kusema neno. Ndalahwa akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wake amekasirika. Nikamwambia hapana, ndugu yangu, hiyo ndiyo furaha, hujawahi kuiona kwa sababu ya kile kioo.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu wageni wengine. Kijana mmoja aliyeko Dodoma alinipigia simu akaniomba niwapeleke wazazi wake matembezi, wametimiza miaka arobaini ya ndoa na ni zawadi ya kuwashtukiza. Wazazi ni Mzee Joakim na mama Milembe, wa Lingeka kule Meatu. Nikawapangia Jumamosi. Na wao niliwaambia huko hakuna anayewajua. Mke wa Ndalahwa mimi namjua kama mama Kija, mji mzima unamjua hivyo. Sikujua kwamba kwao anaitwa Elina binti Joakim. Mgeni nikimuuliza ukoo atadhani nataka kumuoa.

Mnamo tarehe 12 Julai, majira ya saa 4 asubuhi, Ndalahwa alikuwa anaoga ziwani amevaa chupi tu. Mama Kija alikuwa nyuma ya mawe anapika chai. Mimi nilikuwa kibandani. Mayige akaleta mtumbwi na wale wazee wawili. Nikawapokea kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba, mwangaluka, mayu," wakaitika vizuri. Mzee ana kofia mpya, mama ana begi dogo mgongoni, na limemkaa kuliko hata wazungu.

Nilipogeuka kumtambulisha Ndalahwa nikakuta amebaki kichwa. Maji yalikuwa yanamfika kidevuni, na macho yake yalikuwa ya mbuzi aliyeona kisu. Nikafikiri ni mamba. Nikamwita, "Fundi, vipi?" Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataa ugali ugenini.

Afande ameniuliza kwa nini hakutoka tu akamsalimia mama mkwe wake. Afande ametokea Songea, kwa hiyo simlaumu. Nimemweleza hivi. Kwetu Wasukuma waliolelewa kwa desturi, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Ukimwona njiani unaingia kwenye mtama apite. Huli mbele yake, humpi mkono, hulali nyumba moja naye. Wapo walioacha, mjini hapa wengine wanakula naye sahani moja na kuchekana. Ndalahwa hajaacha. Kwenye harusi yake mwenyewe alikaa nyuma ya spika. Sasa mtu wa namna hiyo akutwe na mama mkwe akiwa na chupi.

Kilichoharibu zaidi ni kwamba mama Milembe alikaa. Alikaa kwenye jiwe pale pale ufukweni, uso kwenye maji, akaanza kuosha miguu. Akaosha mguu mmoja mpaka nikaona huruma na ule mguu. Hakuinuka. Na Ndalahwa hakutoka. Mimi na Mayige na mzee tukaingia kibandani kuandaa mahali pa wazee kulala, nikiamini mama akimaliza atatufuata.

Tukiwa humo tukamsikia mama Milembe anasema kwa utaratibu kabisa, "Mtumbwi unaondoka."

Tukatoka. Kweli mtumbwi ulikuwa umeshafika mbali, na ndani hakuna mtu. Mzee Joakim akamuuliza Mayige, "Hii injini yake mnaiweka wapi?" Mayige alikuwa ameshika kichwa. Ndipo nikaona mkono mmoja unatokea ubavuni, unachota maji, unarudi ndani. Ndalahwa alikuwa amelala chali humo, anapiga kasia kwa mkono mmoja ili asionekane. Mtumbwi ulikuwa unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Mama Kija akatoka nyuma ya mawe na birika mkononi. Akaona wazazi wake. Akapiga goti, akawaamkia, akauliza habari za Lingeka, habari za ng'ombe, yote akamaliza kama inavyotakiwa. Kisha akauliza mume wake yuko wapi. Mimi nilionyesha kwa kidole. Aliangalia ule mkono. Akaingia majini na nguo zake mpaka magotini, akasimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hajui kuogelea."

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nimewahi kucheka msibani. Upepo ulikuwa unatoka kisiwani kwenda bara, kwa hiyo ulimsukuma. Tulisimama pale mpaka mtumbwi ukawa kama punje ya choroko, halafu ukapotea kwenye matete ya ng'ambo. Mama Kija aliendelea kushika birika. Chai ilipoa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mayige alianza kusema mwizi huyo, mwizi huyo. Nilimwambia ni mambo ya ukwe. Akasema, "Mimi mama mkwe wangu nauza naye dagaa meza moja, na nikipunja ananipiga kofi. Usiniletee ukwe." Simu yake ilikuwa na chaji, akapiga kwa wenzake wa mwaloni, nao wakatoa taarifa polisi, ila mtumbwi wa kutufuata siku hiyo ukakosekana. Kwa hiyo taarifa ya wizi ilifika bara wakati mtuhumiwa bado ana maji masikioni.

Kesho yake Jumapili asubuhi wavuvi wa dagaa walitupitia wakatuvusha. Mtumbwi tuliukuta kwenye matete. Ninaomba afande aandike hili vizuri: ulikuwa umefungwa kamba kwenye mti, mafundo mawili, makasia yamelazwa ndani, na maji yamechotwa yote. Mimi wezi nawafahamu, nimeibiwa miji mitano. Sijawahi kuona mwizi anayemkaushia mtu mali yake.

Wavuvi wa pale walisema alifika anatetemeka, akaomba shuka, akawaachia maneno kwamba mtumbwi ni wa Mayige na usimamiwe usiibiwe. Kisha akapanda bodaboda hadi Bariadi na shuka hiyo hiyo. Jioni ya Jumamosi hiyo hiyo alikamatwa karakanani kwake, ameshavaa suruali.

Leo asubuhi nimekuja hapa na mama Kija, Mzee Joakim na mama Milembe. Mama Kija nilimsikia akiongea kwenye kidirisha cha mahabusu. Alisema, "Umemkimbia mama ukaniacha mimi." Ndalahwa akasema, "Ningekupungia mkono angeuona." Mama Kija akasema, "Ningekufuata nikuvute kwa sikio." Akampitishia chapati, akasimama hapo hapo mpaka akazimaliza. Kwa hiyo kwa upande wa mke naona kesi haifiki mbali.

Mama Milembe alinieleza mwenyewe tukiwa nje kwenye benchi, na amesema atamweleza afande vile vile. Kumbe alimwona mkwe wake tangu mtumbwi haujagusa mchanga. Nikamuuliza, "Sasa mayu, mbona hukuondoka?" Akasema, "Ningeinuka haraka angejua nimemwona alivyo. Nikasema nikae nioshe miguu, yeye aone sijui kitu, apate njia." Yaani mmoja anasubiri mwenzake aondoke na mwenzake anasubiri huyu aondoke, wote kwa heshima, na maji ni ya baridi. Alisema alifumba macho akamwomba Mungu amfungulie mkwe wake mlango. Alipofumbua akaona mtumbwi unaondoka.

Nikamuuliza kama amemkasirikia. Akasema, "Nimkasirikie wa nini? Nina wakwe watatu. Wawili wananiita 'bi mkubwa' na kuniomba vocha. Huyu ndiye niliyempa mtoto." Kisha akafuta jicho kwa ncha ya kanga, akasema nimfikishie huyo aliye ndani maneno yake: ukizama kwa adabu bado umezama. Siku nyingine akohoe tu, yeye atageuka.

Maneno hayo nimeyafikisha. Ndalahwa aliegemea ukuta, akasema, "Aliniona?" Nikasema alikuona. Akauliza kama anaweza kufungwa kidogo tu, hata miezi miwili, mpaka mama arudi Lingeka. Nimemwambia asiseme hivyo mbele ya polisi, wao huwa hawana utani na maombi ya aina hiyo.

Ninachojua ni hicho. Ndalahwa si mwizi, ni mtu aliyelelewa kupita kiasi. Ikiwa kuna wa kulaumiwa kwa kupanga wakwe kisiwa kimoja, ni mimi, na niko tayari kumvusha Mayige popote kwa bodaboda msimu mzima bila nauli. Niliyoyaona nimeyaacha kwenye karatasi hii, nimesomewa, nimekubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: Mwandu Sayi (Kapteni)

MAELEZO YA ASKARI

Nimeandika maelezo haya kwa jinsi shahidi alivyoyatoa. Nilimzuia mara kadhaa bila mafanikio. Bwana Mayige amefika saa 8 mchana, amesema mtumbwi wake uko salama na hataki kuendelea na shauri. Amemtaka mtuhumiwa amwombe msamaha, na ameombwa kupitia kidirisha. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo kwa uamuzi. Wakati huo mtuhumiwa amepewa dhamana. Mdhamini aliyejitokeza ni mama mkwe wake, Milembe, ambaye alikataa katakata mtu mwingine asaini badala yake.

Mtuhumiwa alifunguliwa mlango saa 9 alasiri akakataa kutoka, kwa kuwa mdhamini alikuwa amekaa kaunta. Nilibeba fomu na kalamu kutoka kaunta hadi mahabusu, na kutoka mahabusu hadi kaunta, hadi wote wawili wakasaini.

Saa 9:40 mtuhumiwa alikohoa. Mdhamini aligeukia ukutani. Mtuhumiwa akatoka.

WP Koplo Monika
Kituo cha Polisi Bariadi