Kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 23 Juni 2025

Miezi miwili. Na sursis!

Sursis. Maana yake Godefroid haingii gerezani hata kwa dakika moja, mradi asimpige mtu mwingine kwa mwaka mzima. Na mwaka ukiisha je? Ruksa?

Mwandiko wangu leo umepinda kuliko wa jana. Ni hasira. Daktari aliniambia andika kila siku, mkono wa kushoto utazoea, andika chochote, hakuna atakayesoma. Vizuri. Basi naandika yale ambayo hakuna aliyeniuliza kortini.

Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi. Darasa langu, mwaka wa tano, watoto hamsini na wawili. Godefroid, baba yake Exaucée, anaingia bila kubisha hodi, bulletin ya binti yake, karatasi ya alama, mkononi. Asilimia 41. Ananiuliza ni mkono gani ulioandika 41. Nikadhani anatania — nikauinua. Akachukua rula ya ubaoni, ile ya mita moja, ya mbao ngumu. Miaka kumi na tisa sijampiga mtoto yeyote kwa rula ile! Alinipiga mara tatu, watoto wanaona. Mifupa miwili ya kifundo cha mkono ikavunjika. Mpaka leo vidole vya kulia havishiki hata kijiko.

Hakimu amesema kuna sababu za kupunguza adhabu. Mshtakiwa ana tabia nzuri, na kuna barua inayothibitisha. Akaiinua. Niliitambua kabla hajafungua kinywa, maana herufi zile ni zangu mwenyewe! Miaka miwili iliyopita Godefroid alitoa mabati ya kuezeka darasa. Ana depo ya vifaa vya ujenzi, hapa hapa mtaani Hewa Bora. Directeur, mkuu wetu wa shule, akaniambia: Madame Mujinga, wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri, tuandikie barua ya shukrani. Nikaandika. "Baba mtulivu, mwenye moyo wa upole, anayeheshimu walimu." Hakimu akasoma yote kwa sauti, kisha akanitazama juu ya miwani: hata mama huyu aliyeumizwa alimshuhudia hivyo.

Nilisimama. Nikaambiwa nikae.

Nilikuwa na mwandiko mzuri kweli. Herufi zote zimenyooka kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Mkono ule ule aliouvunja ndio uliomwokoa, na hilo sitalimeza.


Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda parquet, kwa waendesha mashtaka. Wale wa korti wanahukumu, hawa wanashtaki, na sisi tunangoja kwenye benchi.

Tulikuwa wanne. Mwanamke mwenye jicho lililofumba. Mzee aliyekatwa sikio na jirani. Mama mmoja wa mtaa wa Katuba, ameng'olewa meno matatu na shemeji yake. Na tunaulizana nini? "Weye, bakupatia ngapi?" Kama kwamba sisi ndio wafungwa! Mzee akajibu minne, sursis. Mama wa Katuba: miezi mitatu, sursis. Mimi: miwili. Wakanionea huruma, nikawa wa mwisho darasani.

Mwendesha mashtaka ni mwanamke kijana, mezani mafaili yamepanda hadi kidevuni. Amenieleza vizuri, sina ubaya naye. Mimi ninaweza kukata rufaa kwa ajili ya fidia tu. Adhabu si yangu. Parquet yenyewe ndiyo ikate, ndani ya siku kumi, na yeye ashuke kwa mkono wake kusaini kitabu kule greffe, ofisi ya makarani wa korti. Siku ya mwisho ni Alhamisi, tarehe 3 Julai. Wanafunga saa tisa.

"Madame, mafaili ya namna yako iko mingi. Kama nakata rufaa kwa yote, hata siku moja sitalala."

"Basi ukate kwa moja."

Akacheka, lakini hakusema hapana. Amesema nimletee ombi kwa maandishi, lenye sababu. Kwa maandishi!


Alhamisi, 26 Juni

Directeur Jean-Claude kaja nyumbani. Kaketi kwenye ukingo wa kiti, nikajua kabeba jambo zito. Kaanza mbali: jua, ada, ukata. Halafu kafika.

Tarehe 2 Julai ni proclamation, matokeo yanasomwa uwanjani mbele ya wazazi wote. Godefroid atakuja. Nitampa bulletin ya mtoto, tutapeana mikono, mpiga picha atakuwepo. Maneno yataisha.

"Ataomba msamaha?" nikamuuliza.

"Atakusalimia, Madame. Muntu mukubwa akikusalimia mbele ya bantu, inatosha."

Kisha akainama karibu zaidi. Yule mutoto naye, nimsaidie kidogo, afike hata hamsini. Amani iko na bei yake.

Nikamwambia nitamsaidia kama hakimu alivyonisaidia mimi. Hakupenda.

Nikamuuliza na la barua, nani aliyempa. Akakuna kichwa. "Aliomba copie, mi nikamupatia. Sikujuaka kama itaenda ku tribunal." Halafu, kwa sauti ndogo: "Madame, mabati yake njo inatufunika."

Nilipomfungulia mlango, mdogo wangu Cathy alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba afadhali tunyeshewe.


Jumamosi, 28 Juni

Nimemaliza kusahihisha. Exaucée ana 53.

Nimejumlisha mara tatu. Cathy akajumlisha ya nne, kwa simu yake. 53! Hesabu kapanda, kusoma kapanda. Tangu niliporudi darasani mwezi wa tano siwezi kushika chaki, basi watoto wanapokezana kuandika ubaoni, na mimi nasema. Huyu hakunyoosha mkono hata siku moja. Anakaa nyuma, ananakili, hanitazami. Kumbe alikuwa anafanya kazi.

Nimekasirika hadi nimecheka. Nikimwangusha, nimelipiza kisasi. Nikimpitisha, nimenunuliwa, na Directeur atasema unaona, Madame ana moyo laini. Hakuna njia ya kumpa mtoto haki yake bila baba yake kuivaa kama kofia mpya.

Lakini 53 ni 53. Mimi sipunguzi wala siongezi. Kupunguza ni kazi ya wengine.


Jumapili, 29 Juni

Padre kahubiri msamaha. Nusu ya kanisa ikageuza shingo kunitazama. Nikawatazama nami, mmoja mmoja, wakarudi kwenye vitabu vya nyimbo.


Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Ofisi zote zimefungwa, na siku yangu moja imeliwa.

Saa kumi Godefroid kabisha. Mwenyewe! Kwa miguu yake, kreti la bia limebebwa na dereva. Kasema habari ya masiku. Nikamwacha asimame. Sikuogopa, nilidhani ningeogopa.

"Madame, siku ile shetani alinishika."

Cathy akajitokeza na ungo wa mchele. "Na shetani alikamata rula na mukono ya nani, papa?"

Akajifanya hakusikia. Akatoa karatasi, imeshapigwa chapa: mimi, Mujinga, namsamehe kwa hiari yangu, sitaki tena maneno ya korti. Chini, mstari wa saini. Nikamwambia mkono wa kusaini aliuvunja yeye.

Akatoa kidau cha wino mfukoni. "Kidole tu, Madame."

Alikuja nacho kutoka kwake! Alikuwa amefikiria. Alikaa mahali, akawaza: huyu hawezi kuandika tena, nimpelekee wino. Mimi, niliyefundisha nusu ya mtaa huu kuandika majina yao!

Nikachukua kalamu ya Cathy, kwa kushoto. Nikaandika juu ya maneno yake yote, herufi kubwa, zimeyumba kama mlevi lakini zinasomeka: SITAKI. Nikamrudishia.

Kaondoka. Kreti kaliacha mlangoni. Cathy kalisukuma kwa mguu hadi barabarani, na lilipofika huko halikuchukua muda.


Jumanne, 1 Julai

Ombi limeandikwa. Mistari kumi na minne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Nimeharibu karatasi saba. Cathy alitaka aandike yeye, kwa upole mzuri. Nikakataa. Hakimu alisoma mkono wangu wa zamani, sasa wausome na huu.

Nimeambatisha copie ya ile barua ya shukrani. Sikueleza mengi. Sababu yangu ya mwisho: tafadhali ziwekeni kando kando.

Mchana nikazipeleka parquet, mwendesha mashtaka kaziweka kando kando. Kazisoma zote mbili. Kisha akasema Alhamisi ana audience, kikao cha korti, asubuhi yote, lakini niwe pale greffe, atajaribu kushuka. Kujaribu. Neno hilo halina mfupa, nimelichukua hivyo hivyo.


Jumatano, 2 Julai

Uwanja umejaa. Mapaa ya mabati yanawaka jua. Wazazi wamevaa, watoto wamepiga pasi, poda iko tayari mikononi mwa akina mama kuwamwagia vichwani waliofaulu. Majina ya mwaka wa tano niliyasoma mimi. Nilimwambia Directeur darasa ni langu na sauti yangu haikuvunjwa.

Nilipofika kwa Exaucée uwanja wote ulinigeukia. Hata wauza maji.

"Exaucée. Asilimia hamsini na tatu. Amefaulu. Amezipata kwa kazi yake, hakuna aliyemwongezea hata moja."

Minong'ono. Directeur meno yote nje. Godefroid kainuka mstari wa mbele, koti jeupe, kafika mezani, mpiga picha mbele yake anarudi kinyumenyume. Kanyoosha mkono wa kulia.

Nikampa bulletin kwa mkono wa kushoto.

Hapa kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto. Mtoto wa miaka mitatu ukimfanyia hivyo, mama yake anakuja kukuuliza. Watoto wangu wote nimewapokea karatasi zao kwa dole gumba la kulia na kiganja, nikiwaficha ulemavu, mpaka leo. Leo sikuficha.

Directeur akanong'ona nyuma yangu: "Madame! Mukono ya kuume!"

Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi. Nikasema: "Wa kuume? Muulize huyu papa ni fasi gani aliuacha."

Mtu mmoja akapiga kelele ya aah! kule nyuma. Godefroid akarudisha mkono wake. Akaweka yote miwili mgongoni. Hapokei. Nami sishushi. Nilihesabu, kama ninavyowahesabia watoto kimya: hadi thelathini na moja. Bega likaanza kuuma. Mpiga picha alikuwa bado anapiga, maskini, sijui nani alimlipa kwa picha zile.

Exaucée akatoka kwenye mstari. Akapita kando ya baba yake. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili. "Aksanti, Madame." Ni maneno ya kwanza ameniambia tangu Machi.

Nililia. Nasema tu, nililia mbele ya watu mia nne na sikujifuta.

Mama mmoja nisiyemjua akamwagia mtoto poda. Vigelegele vichache, halafu vingi. Godefroid alikuwa ameshafika getini.

Baadaye Directeur ofisini, mlango umefungwa: "Mwezi wa tisa tutaona kama kuna darasa yako." Nikamwambia aniandikie. Kwa mwandiko wake.


Alhamisi, 3 Julai

Niko greffe tangu saa mbili. Naandika nikiwa nimeketi, daftari kwenye paja.

Saa tano: audience haijaisha. Saa saba: haijaisha. Nimetuma ujumbe kwa askari wa mlangoni kule juu, karudi, kasema mama procureur, yule mwendesha mashtaka, anasema nimungojee, anashuka. Mama wa Katuba aliyeng'olewa meno amepita, siku zake kumi ziliisha jana. Hakuna aliyemwambia kuna siku kumi. Kakaa nami kidogo. Kaniuliza nini nitafanya procureur asiposhuka. Nikamwambia sijui. Kanipa nusu ya mhogo wake, kaenda.

Saa nane na nusu. Karani ameanza kukusanya mihuri. Kitabu cha rufaa kiko wazi bado, nakiona kutoka hapa, ukurasa wa leo una mistari miwili tu na chini yake ni peupe.

Nasikia visigino vya kike kule ngazi ya juu. Vimesimama. Anaongea na mtu.

Saa tisa kasoro dakika tano. Karani kashika ufunguo. Nimevuta kiti changu hadi mlangoni, katikati, mlango haufungiki bila kunibeba. Aite polisi. Waandike kosa langu: alikaa. Nione nao watanipa ngapi, na kama kuna sursis.

"Mama, saa imefika. Tunafunga."

Namwambia aniache nimalize mstari huu.

Anauliza nitamaliza lini. Namjibu ukweli, bila kuinua kichwa: mkono wa kushoto ni wa polepole sana, papa, na daftari hili bado lina kurasa arobaini