Vyote Vimefungwa kwa Picha Yako

Chepkoech rafiki yangu,

Nakuandikia kutoka Kaplong, kwenye kile chumba chetu cha kazi nyuma ya duka la mbolea. Kiti chako bado kiko dirishani. Tangu tukuzike sijaweza kukikalia wala kukitoa.

Alhamisi watu wa ushirika wa maziwa wanakuja kuiona programu yetu ya simu, na isipowaridhisha kazi wanampa mtu mwingine. Wameomba kitu kimoja: picha yako itoke juu ya skrini, maana wakulima wanaogopa kwenda kuangalia kilo zao za maziwa na kumkuta marehemu anacheka. Uliiweka kwa mzaha, ukasema itakaa hapo mpaka tupate picha nzuri ya ng'ombe. Sasa wa kuitoa ni mimi. Mimi, Chepkoech.

Jana niliifuta. Kilo, tarehe, kitufe cha kutuma, vyote vikaruka kona ya juu na kulaliana, hakuna kinachosomeka. Kumbe ulikuwa umevifunga vyote kwa hiyo picha. Unakumbuka tulivyobishana? Mimi nilitaka mpangilio wa safu, kitu chini ya kitu, basi. Wewe ukataka kila kitu kishikiliwe na jirani yake, ili mama yako akikuza maandishi, kitufe kisimpotee huko chini. "Kwamboka, wacha uvivu," ulisema, ukacheka mpaka chai ikamwagika.

Nikaamua kubomoa yote nipange kwa safu, njia ninayoijua. Kwanza nikaenda Merigi kumwambia mama yako, kwa sababu simu yake ndiyo tunayojaribia. Nilimkuta ametoka kupeleka maziwa, ameifungua programu, anakuangalia. Hakulia. Alisema tu, "Usitoe mtoto yangu hapo."

Mimi ndiye niliyelia, njia yote mpaka Kaplong.

Leo nimeirudisha picha na kuifanya isionekane. Ipo, nafasi yake ipo, na kila kitu kimekaa mahali ulipokiweka. Kwa simu ya mama peke yake nimeiacha ionekane. Alhamisi wataniuliza hiyo nafasi tupu ya juu ni ya nini. Sijui kazi hii nitaiendesha vipi bila wewe. Naogopa sana.

Lala salama, rafiki yangu. Hiyo nafasi sitaijaza, hata picha ya ng'ombe ikipatikana.

Wako,
Kwamboka