Ekal Aliponiomba Mechi

Jumatatu, 2 Septemba 1996. Lodwar.

Mazoezi asubuhi, kabla mchanga haujaanza kuchoma. Goti limevimba tena. Nilisimama pembeni na filimbi mdomoni kama askari wa trafiki. Tangu daktari anikataze kucheza, mwenyekiti wa timu ananiita kocha. Jina hilo silipendi. Mpira ukipita karibu, mguu bado unataka kwenda.

Jumatano, 4 Septemba.

Ekal amekuwa mzito. Miaka yote tuliyocheza mbele pamoja, yeye winga, mimi katikati, sikuwahi kuona beki akimfikia. Leo Lokai, kijana aliyemaliza shule juzi juzi, alimpita kila mara. Ekal akasingizia viatu. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Moyoni niliumia.

Fainali ni Jumamosi, Kakuma, dhidi ya Wasudani wa kambi ya wakimbizi. Wale hawajui kuchoka. Nikimpanga Ekal tutafungwa.

Alhamisi, 5 Septemba.

Alikuja nyumbani. Akaketi kwenye kigoda chake anachotembea nacho, akanywa chai, kisha akasema, "Nipe hii mechi. Wakwe zangu wako Kakuma, watakuja uwanjani."

Hakuzunguka. Sisi Waturkana hatuzunguki. Rafiki huomba, rafiki hutoa. Mimi na Ekal tulichinjiana dume la ng'ombe kufunga urafiki tukiwa vijana, na tangu siku ile hajaniomba kitu nikamnyima. Shati, sabuni, hata mbuzi wa mama. Nami humwomba vivyo hivyo. Urafiki wetu ndio huo, hauna kingine.

Nikamwambia, "Mechi si yangu, ni ya timu."

Uongo. Timu naipanga mimi. Akachukua kigoda chake, akatoka. Usingizi hauji. Naogopa.

Ijumaa, 6 Septemba. Njiani.

Lori letu nyuma ya gari la polisi, kwa sababu ya majambazi. Vumbi tupu. Ekal amekaa upande wa pili. Wengine wanaimba.

Jumamosi, 7 Septemba. Kakuma.

Tumeshinda, moja bila. Lokai ndiye aliyefunga.

Wakwe wa Ekal walikuja kweli, mzee na wanawe, wamesimama nyuma ya goli. Ekal alikuwa kwenye benchi na jezi yake. Mechi ilipokaribia kuisha nikamwita aingie. Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Akasema, "Acha tu, kocha." Hajawahi kuniita hivyo.

Mwenyekiti alinishika mkono mbele ya watu. "Sasa wewe kocha kweli. Hakuna kuogopa mtu." Wasudani pia walikuja kunipongeza, waungwana sana. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 8 Septemba.

Tumerudi bila Ekal. Amebaki kwa wakwe. Nilipanga sawasawa. Ningepanga vile vile tena. Hilo halinisaidii kitu.

Jumanne, 24 Septemba. Lodwar.

Nilimkuta Ekal sokoni, karibu na wauza samaki wanaotoka Longech, kule ziwani. Tukasalimiana kwa Kiturkana, ejok, ejok noi, nzuri, nzuri sana. Watoto wazima, mbuzi wazima. Hata alicheka kidogo. Amekonda.

Alikuwa anatafuna tumbako. Nikamwomba.

Akanielekeza duka linaloiuza, kwa upole kabisa, hata akanyoosha mkono nisipotee. Nikamshukuru. Nikaenda nikanunua.