Kiota cha Nyigu Kule Dunguni

Tabora, Jumapili

Mjukuu wangu, mume wangu Yohana,

Huna akili. Salamu utazipata, lakini kwanza meza hilo. Nani alikutuma umrudishe Tekla kwao Ilembo? Mke anarudishwa kwa sababu ya viwavi?

Haya, nyie wa Kasokola hamjambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, mkali kama mimi. Huwa mume wake ndiye ananiandikia barua. Leo naandika mwenyewe, mwandiko uvumilie, maana haya sitaki mkwe ayajue.

Kwenye barua yako unasema viwavi wamekula mahindi kwa sababu Tekla alichoma kiota cha nyigu kwenye dungu la kulindia nyani. Kweli alichoma. Mimi ndiye niliyemwambia.

Unakumbuka nilipanda treni nimejifunika kanga mdomoni? Ukadhani nalia. Sikuwa nalia. Nyigu alikuwa ameniuma, mdomo umevimba kama andazi, na mimi nakwenda kwa wakwe! Kwa hasira nikamwambia mke mwenzangu Tekla, "Choma! Nikirudi nisisikie hata mlio." Akasema polepole, "Bibi, si ndio wanaotuondolea viwavi?" Nikamjibu, "Mtoto wa juzi wewe, utanifundisha shamba mimi?" Akachoma. Na ulipomgombeza hakunitaja.

Nami nilijua, Yohana. Marehemu babu yako, kabla Waingereza hawajamchukua kwenda vitani Burma, alinionyesha nyigu akimtafuna kiwavi na kuwapelekea watoto wake kiotani. Akasema hawa tusiwaguse, wanatulindia chakula.

Tena unamwita mvivu, eti halimi magugu. Mpumbavu! Umewahi kuinama ukatazama chini ya maboga aliyoyapanda katikati ya mahindi? Majani yamefunika ardhi yote, jua halifiki. Magugu yataota wapi?

Kuna kiota kingine kidogo nyuma ya ghala. Asikiguse mtu.

Msalimie katekista wetu, na baba mkwe wako kama bado anakuitikia.

Ni mimi bibi yako,
Mariamu

Kesho asubuhi uende Ilembo. Usiende kusema umemsamehe, hana kosa. Barua hii umsomee yote, mbele ya mama yake, hata hapo pa mdomo kuvimba.