Bango Lenye Jina la Mwanangu

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kabla ya chochote kwa sababu nakujua: ukiikosa kwenye mstari wa kwanza utaikunja barua uiweke juu ya friji mpaka hasira zikuishe. Hujambo wewe, na goti lako je? Shemeji hajambo? Mwambie salamu zake nilizipata, na yale maneno yake kwamba nimekonda kama waya wa kuanikia nguo nimeyasamehe, ila sijayasahau.

Sisi hatujambo. Nasema sisi, maana Babu naye hajambo. Amelala hapa mbele yangu, ana plasta kubwa kifuani na mirija miwili, na leo asubuhi amemaliza chupa nzima ya maziwa bila kupumzika katikati. Miezi kumi na tisa nimemlisha mtoto huyu kwa vituo: anyonye kidogo, aheme juu juu, apumzike, aanze tena. Leo kaimaliza, kisha akanitazama kama anayeuliza nyingine iko wapi. Nikageukia ukutani nikajifuta macho, muuguzi asinione.

Habari za operesheni ya moyo daktari alikupigia, kwa hiyo sizirudii. Na najua dereva wa hoteli naye amekusimulia yaliyotokea uwanja wa ndege. Lakini dereva ana nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki ninayo mimi, na kwa simu siwezi kuisema, nikisikia sauti yako nitacheka au nitalia na jambo litapita. Baba wa mtoto wa kitanda cha jirani anakuja huko kwenu kesho, amekubali kuibeba barua hii.

Uliponiambia umepata nafasi kwa wale madaktari, na kwamba tiketi, hoteli na kila kitu umeshughulikia wewe, nilikushukuru mpaka koo likanikauka. Simu ilipokatika nikaanza kuwaza. Dada, wewe hukujaliwa mtoto, na tangu Babu azaliwe hujaacha kuniambia nimlete akae kwako, eti unataka kunipunguzia mzigo. Safari hii ukaomba cheti chake cha kuzaliwa na picha zake nne. Za kwangu hukuomba hata moja. Tiketi ilipokuja nikaisoma mara tatu: kurudi ni kiti kimoja, nacho ni changu. Nikajisemea, mtoto anakwenda, harudi. Binti wa kwenye dawati la uwanja alinieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa na hana kiti chake, kwenda wala kurudi. Nikamwitikia vizuri tu, lakini moyoni nikasema huyu naye kapangwa. Mume wangu alinicheka, akasema huyo ni dada yako wa damu, si mwizi wa kuku. Nikapanda ndege hivyo hivyo.

Tulitua saa mbili asubuhi. Uliniandikia nisijisumbue kuitafuta hoteli, haionekani kirahisi, tutapokewa. Uliniandikia pia kwamba ikifika saa nane mchana Babu awe ameandikishwa hospitali, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine nasi tungoje miezi saba. Daktari wa kule nyumbani alikwisha kuniambia, bila kunizungusha, kwamba miezi saba mtoto huyu hana. Hayo yote niliyajua nilipokuwa nasukuma mizigo kutoka nje, na bado nikafanya nilichofanya.

Nje watu walikuwa wamejipanga na mabango. Mmoja mrefu, mtu mzima, miwani imefungwa uzi shingoni, alishika bango lenye majina matatu. Lilikuwa jina la baba yetu. Kwa muda kidogo nilisahau kwamba jina hilo nimempa mwanangu, na kwamba ndiyo sababu tunamwita Babu. Nikaona kama marehemu ndiye anayepokewa. Kisha nikaelewa. Jina langu halikuwepo, hata kwa herufi ndogo. Nani anampokea mtoto wa miezi kumi na tisa bila kumtaja aliyembeba?

Nikamfunika Babu kwa shali, nikampita. Yule mtu akanifuata kwa adabu, akauliza kama mimi ndiye niliyekuja na mgonjwa huyo. Nikasema si mimi. Akamtazama mtoto, akauliza, huyu je, anaitwa nani? Nikamtajia jina lililonijia mdomoni, jina la muuza mkaa wetu. Nilimkana mwanangu mbele ya umati wa watu, naye kanishika sikio kwa vidole vyake vitano.

Simu yangu kule haikushika mtandao, na laini mpya sikununua, maana muuzaji alitaka kunipiga picha. Nikapanda basi la uwanja kwenda mjini. Bibi mmoja alijitolea kunipakatia mtoto nipumzishe mikono, nikamwambia mikono yangu haijachoka, na yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Mjini nikachukua teksi, nikampa mwenyewe anwani ya hoteli, maana ya hospitali hukuniandikia. Tulipita kituo kile kile cha mafuta mara tatu. Nilipomuuliza mwenye teksi, akanieleza kwa upole kwamba barabara zile magari yanakwenda upande mmoja tu, lazima azunguke. Upole wake ndio ulionitisha zaidi. Mwisho akasimama mbele ya duka la magodoro, akasema namba niliyompa ndiyo hii. Nikamwambia sikusafiri kwa ndege kuja kununua godoro. Akanionyesha namba juu ya mlango, akanishushia mizigo, akaenda zake.

Nikamuuliza muuza magodoro. Akasema hoteli ipo, iko juu ya duka lake, lakini mlango wake ni wa nyuma, nizunguke. Nikachungulia huko nyuma: uchochoro mwembamba, magari mawili, mashuka meupe yameanikwa, mtu hayupo. Nikarudi mbio. Nikavuka barabara mpaka duka la dawa, nikamuuliza mama muuzaji. Naye akasema vile vile, neno kwa neno, nizunguke nyuma ya magodoro. Mtu mwingine angeshukuru kwamba wawili wamesema jambo moja. Mimi nikajua wamepatana.

Nikaanza kupanda na kushuka ule mtaa nikitafuta mtu wa tatu wa kusema kitu tofauti. Kila niliyemuuliza alikuwa mgeni kama mimi. Jua likakaa utosini. Maziwa yakaisha. Babu akaanza kulia, na unajua akilia midomo yake inavyogeuka rangi. Ilipofika saa saba kasoro ilikuwa imekwisha kuwa ya bluu. Nikakaa kwenye ngazi za duka la dawa, nikawa nampulizia usoni na kumwimbia vibaya, mwenyewe siusikii hata wimbo.

Hapo ndipo yule mrefu wa bango akatokea. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Kama alivyokueleza, alikuwa amengoja uwanjani mpaka abiria wa mwisho, kisha akakupigia. Alipokutajia kwamba kuna mwanamke mmoja tu aliyekuwa na mtoto, naye kamjibu kwa ukali kwamba si yeye, ukamwambia yule aliyekukatalia ndiye mwenyewe, mtafute. Dada, kumbe unanijua kiasi hicho. Alinieleza hayo kwa sauti ya juu, magari yanapita katikati yetu, na mimi bado nikamtazama kwa jicho la pembeni. Akaweka funguo za gari mfukoni. Akasema, "Mama, hutaki kupanda, usipande. Mimi natangulia kwa miguu, wewe nifuate kwa umbali unaoutaka. Lakini saa saba imeingia."

Akageuka akaenda, hakuangalia nyuma hata mara moja. Nafikiri mtu mwenye nia mbaya angegeuka. Nikainuka. Alizunguka duka la magodoro, akapita kati ya yale mashuka, akasukuma mlango wa kijani na kuushikilia wazi, yeye akabaki nje. Nilihesabu hatua kutoka duka la dawa. Hazikufika mia moja.

Juu kuna korido ndefu na milango kumi na miwili, na kila mlango umebandikwa jina la mtoto. Hilo la Babu lilikuwa la tano. Msimamizi, mama mnene mwenye funguo kiunoni, alimpokea Babu kwanza, akampa oksijeni ya mtungi pale pale kwenye kochi, ndipo akanieleza. Hoteli ile hupokea wagonjwa wa hospitali ile tu. Hospitali huwatumia majina ya wagonjwa, si ya wanaowaleta, kwa sababu leo anaandikwa mama, kesho anakuja shangazi au bibi. Akasema, hapa mwenye jina ni mtoto, sisi wengine wote ni Mama Fulani. Na kitanda changu kilikuwa kimetandikwa, Dada, kimesogezwa kikagusana na cha Babu. Msimamizi akasema ndivyo ulivyoagiza wewe.

Tuliandikishwa hospitali saa nane kasoro dakika kumi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Kukudhania vibaya ni kosa, nakuomba radhi, lakini hilo si lote. Mwezi wa tatu mwaka huu, mchana mmoja, nilikuwa sijafumba jicho siku mbili. Babu ametapika maziwa yote, dada yake ana homa, mume wangu yuko kazini. Nikachukua simu nikakuandikia: Dada, njoo umchukue, mimi nimeshindwa, awe wako. Nikaandika mpaka namba ya cheti chake. Nikabonyeza kutuma. Ujumbe haukwenda, salio lilikuwa limekwisha. Nilipoweka salio kesho yake, niliufuta, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Hiyo ndiyo nusu asiyoijua dereva. Si kwamba nilikuona wewe ni mwizi wa watoto. Nilikuogopa kwa sababu nilijua ukiniomba, nitakupa. Na nilikuwa tayari mtoto afie kwenye ngazi za duka la dawa kuliko kufika mahali ambapo ungeniuliza.

Najua mwezi ujao unakuja. Njoo, Dada. Wewe ni mama yake mkubwa, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Mlishe, mwogeshe, lala naye, mimi nitalala siku nzima na nusu yake. Ukimaliza, nirudishie. Na siku nitakayochoka tena, nikakuambia kwa mdomo wangu mchukue, nikatalie. Nikilia, nikatalie. Nikikukasirikia, kata simu, unipigie kesho yake.

Msalimie sana shemeji. Lifunge goti lako, usibebe vitu vizito. Babu ameamka, ananitazama, nadhani anataka chupa nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Babu